Gari Linachemsha, Wakwe Wanangoja!

Jamani, mwenye gari bovu hana siri. Mwaka 2019 nilipanga kupeleka posa Morogoro. Mshenga alikuwa baba mkubwa, mzee aliyewahi kuendesha malori ya Zambia. Usafiri? Kagari kangu hako hako.

Ugonjwa wake niliujua. Mjini lilikuwa poa kabisa: foleni ya Ubungo mpaka Kimara, jua la utosini, mshale wa joto umetulia. Lakini likishika barabara kuu, likafika kilometa 90 kwa saa, mshale unapanda kama umeitwa. Fundi wa kwanza akasema feni, nikanunua mota mpya. Wa pili akang'oa themostati akaitupa. Wa tatu akataka afungue silinda hedi abadili gasketi. Mapene yakakatika, gari likaendelea kuchemsha.

Siku yenyewe tulitoka Dar saa nne asubuhi, wakwe wakitungoja saa nane. Kibaha tukapita vizuri. Kukaribia Mlandizi, mshale juu! Nikaegesha, nikakimbilia kifuniko cha rejeta.

"We mtoto, acha!" mzee akafoka. "Yatakubabua uso, usioe!"

Kweli bwana, kifuniko kile kinabana maji yaliyopita hata nyuzi 100, ukikifungua yanakurukia. Tukakaa chini ya mti karibu saa nzima. Hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo mafundi wote watatu hawakuniuliza: "Linachemsha wakati gani?"

Nikamweleza. Akacheka. "Likichemsha kwenye foleni, shuku feni, maana hakuna upepo. Kwenye mwendo kasi upepo uko tele, feni haina kazi. Hapo uliza maji yanapita wapi."

Injini ilipopoa tukaongeza maji, nikawasha. Akaniambia nikanyage mafuta huku yeye ameikodolea macho paipu ya chini ya rejeta. Injini ilipovuma, paipu ikabonyea kama pakiti ya juisi inayofyonzwa! Ilikuwa imelegea kwa uzee, na springi ya ndani imeliwa na kutu. Ukienda taratibu, maji yanapita. Ukikimbia, pampu inafyonza kwa nguvu, paipu inajibana, injini inabaki na kiu.

Tukajikongoja kilometa 50 kwa saa mpaka Chalinze, tukapata paipu mpya kwenye duka la spea. Kuanzia hapo 90 mpaka Morogoro, mshale katikati. Tukafika saa kumi na moja jioni.

Muoaji haingii, kwa hiyo nilibaki garini, roho juu. Mzee akatoka anacheka: posa imepokelewa, ila tumepigwa faini ya kuchelewa. Faini yenyewe haikufika nusu ya bei ya ile mota ya feni!

Basi msomaji, gari lako likichemsha, kabla hujatoa pochi jiulize linachemsha wakati gani. Mimi siku hizi hata mke wangu akinuna sikimbilii kununua zawadi. Nauliza kwanza: kuanzia lini?