Monita yako inang'aa sana, ndiyo maana picha zako zinatoka giza

Mtu akikuambia ununue monita ya 4K ya kuhariri picha, muulize kwanza mara ya mwisho alichapisha picha lini. Wengi wetu tunapiga, tunahariri, tunaposti, imeisha. Kwa simu hakuna anayelalamika. Siku mteja anataka picha yake kwa karatasi ndiyo utajua kama monita yako ilikuwa inakwambia ukweli ama inakubembeleza tu.

Sasa wasee wanauliza wachukue gani, na majibu wanayopewa ni ya wacheza gemu. Ati Hz 144, ati iwe imepinda, ati taa za rangi kwa mgongo. Picha haikimbii, bana. Hiyo 144 utaitumia wapi?

Kazi yangu nyingi ya kuchapisha si harusi, ni matanga. Familia inaleta picha moja ya shosho, imepigwa na simu ndani ya nyumba, dirisha liko nyuma yake, na wanataka iwe A2 kwa fremu kabla mwili haujatoka mochari Jumamosi asubuhi. Hakuna picha nyingine, na shosho hawezi kuitwa akae vizuri apigwe tena. Ikitoka vibaya, ukoo mzima utapita mbele ya jeneza ukiangalia mtu wasiyemjua. Halafu hiyo fremu inaenda kuning'inia sebuleni miaka na miaka.

Kinachoharibu hapo mara nyingi ni mwangaza. Monita nyingi mpya hutoka kwa boksi ziking'aa kandela 250 hadi 350 kwa kila mita mraba. Wanaohariri kwa ajili ya karatasi hushusha hadi kati ya 80 na 120. Karatasi haina taa ndani yake, inategemea mwanga wa chumba. Ukihariri kwa 300, uso mweusi unaonekana na kila kitu: shavu, mikunjo, ule mng'ao wa paji la uso. Unaridhika, hata unapunguza mwanga kidogo ndiyo picha iwe na hisia. Ikichapwa, uso wote ni kiraka kimoja cha kahawia. Mtu mweupe akichapwa giza kidogo bado anatambulika. Sisi tunapotea haraka, kwa sababu tofauti zetu ziko kule chini kwa vivuli.

Na hii si stori ya jana. Kodak walikuwa wakizipa maabara kadi za kupimia rangi, zile zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Kwa hivyo usiniambie eti rangi ni rangi tu.

Tuje kwa kununua. Paneli iwe IPS. TN ukiinua kichwa kidogo tu vivuli vinabadilika, na VA nyingi zinameza weusi ukiiangalia moja kwa moja, kisha ukisogea pembeni zinauachilia. Pili, itimize sRGB yote ama karibu yote. Hicho ni kiwango cha HP na Microsoft cha 1996, na ndicho mashine nyingi za kuchapisha picha mjini hutarajia faili yako iwe nacho. Adobe RGB ya 1998 ni pana zaidi, hasa kwa kijani na samawati ya bahari, lakini kama huna printa yako mwenyewe ya wino mingi, hiyo pesa weka kwa kitu kingine.

Mimi naona ex-UK ni sawa kabisa. Dell UltraSharp ya zamani kama U2412M, inchi 24, pikseli 1920 kwa 1200, ilitengenezewa maofisi lakini ni IPS na inafanya kazi. Ukienda Luthuli, muuzaji atakuwekea video ya samaki na maua. Mwambie aitoe. Beba flashi yako yenye picha ya kijivu kitupu, nyeusi kitupu, na uso mmoja mweusi ambao chapa yake unayo mkononi. Kijivu kitakuonyesha kama kona moja ni ya manjano. Nyeusi itakuonyesha taa inavuja wapi. Uso ulinganishe na chapa hapo hapo, polepole, hata kama jamaa anakuangalia vibaya.

Halafu kuna kifaa cha kupima rangi, kile kinachokaa juu ya skrini na kutengeneza profaili ya ICC. Monita ya bei ndogo iliyopimwa naiamini kuliko ya bei kubwa ambayo haijapimwa. Kifaa si rahisi, ndiyo, lakini hukitumii kila siku. Sisi tuko wanne, tulichanga tukanunua Spyder moja, inazunguka, kila mtu anapima yake mara moja kwa mwezi: Kelvini 6500, gama 2.2, mwangaza 100. Wiki ya kwanza utaona skrini imefifia na ina umanjano. Macho yatazoea.

Kwa fundi wa kuchapisha, omba mambo mawili. Azime ile marekebisho ya otomatiki, kwa sababu mashine ikiona uso mweusi inadhani picha ina giza, inamwaga mwanga, na shosho anatoka wa kijivu. Na kabla ya A2, akuchapie kipande kidogo cha uso peke yake, kwa karatasi ile ile. Usikiangalie chini ya bulbu ya duka. Toka nacho mlangoni, usimame kivulini, mwonyeshe aliyeleta picha. Akinyamaza kidogo kisha aseme "ndiye", rudi ndani umwambie fundi aendelee.