Safari ya Luvua, Kutafuta Roketi ya Mabomba

Kwetu Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, ukitaja Wajerumani, wazee watakusimulia vita vya 1914 na meli Graf von Götzen, ile ambayo leo inaitwa Liemba. Roketi hawaitaji. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yangu niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kusini yetu, kwenye nyanda zinazotazama bonde la mto Luvua, kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilianza kurusha roketi Mei 1977. Nami sikuwa nimewahi kufika hata Moba. Nikafunga mzigo.

Boti ya mbao iliondoka jua likizama, imejaa magunia ya unga wa muhogo, magodoro, na mbuzi waliofungwa karibu na miguu yangu. Ziwa nililokulia kando yake sikulitambua usiku ule. Taa za mji zilipotea upesi kuliko nilivyodhani, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, na wanawake wenzangu wakajifunika vitenge wakalala kama wako nyumbani. Mimi macho yalikuwa wazi hadi alfajiri.

Kwa kukosa usingizi nikafahamiana na mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuwa akirudi Kirungu. Nilipomweleza ninakokwenda, alicheka.

“Mama, kila mtu anauliza roketi ilipandaje. Wewe uliza kwa nini haikuyeyuka.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Moto ndani ya injini ya roketi hufika nyuzi 3,000 hivi za Selsiasi, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 na ushei. Kwa hesabu hiyo injini ingepaswa kuwa uji kabla haijatoka uwanjani. Matajiri, akasema mwalimu, huzungusha mafuta baridi ndani ya kuta za injini ili kuzipoza, lakini kazi hiyo ni ya gharama kubwa. OTRAG walitaka roketi ya bei ya chini. Kwa hiyo ndani ya injini waliweka utando uliotengenezwa ili uungue.

Nilimwomba arudie. Akauliza kama nimewahi kuchoma samaki ndani ya majani ya mgomba. Nani hajawahi, kwetu? Jani la nje linakuwa mkaa, unyevu wake unatoka kama mvuke na kuondoka na joto, na samaki ndani anaiva bila kuungua. “Ni hivyo hivyo,” akasema. Katika vyombo vya namna hiyo, kitambaa cha nyuzi ngumu, za kaboni au za silika, hulowekwa katika gundi ya rezini na kukaushwa. Moto ukija, rezini inageuka gesi na kuusukuma moto mbali, nyuzi zinashikilia mkaa usibomoke, na ukuta unaliwa polepole. Kinachotakiwa ni uwe mnene kiasi cha kudumu hadi safari iishe.

Tuliagana Moba bandarini. Yeye alipanda kilima kuelekea Kirungu, kwenye kanisa kubwa la matofali la Mapadri Weupe, nami nikakodi pikipiki ya kijana aliyeniita yaya tangu dakika ya kwanza na kunitajia bei ya mgeni.

Hakuna aliyenionya kuhusu baridi ya Marungu. Vilele vya huko vinapita mita 2,000. Badala ya michikichi kuna nyasi tupu, ng'ombe, na ukungu unaoingia mikononi mwa koti. Kule Kalemie tunalala madirisha wazi. Huko, kijijini Pepa, nililala na soksi, sweta na kitenge kichwani, baada ya kula bukari ya moto na kuona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka mbele ya watoto waliovaa fulana.

Usiku huo niliyasoma yale niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye simu. Pua na kingo za mabawa ya chombo cha Marekani kiitwacho Space Shuttle zilitengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi kilichochomwa hadi kikawa kaboni tupu. Tarehe 1 Februari 2003, tundu katika ukingo wa bawa la Columbia, mojawapo ya vyombo hivyo, liliingiza gesi ya moto, na watu saba wakafa juu ya Texas. Kuna habari nyingine iliyonifurahisha zaidi. Chombo cha Orion, kilichorudi kutoka mwezini tarehe 11 Desemba 2022, kina vipande vya nyuzi za kwatsi vilivyofumwa na Bally Ribbon Mills, kiwanda cha kufuma tepe huko Pennsylvania. Kitambaa kilichopangwa tabaka juu ya tabaka huweza kubanduka. Hiki cha Orion kimefumwa pande tatu, na nyuzi nyingine zinapita juu-chini, kwa hiyo hakina tabaka la kubanduka. Mwezini wanarudi kwa kazi ya wafumaji! Mama yangu, anayesuka mikeka, nitamsimulia hili kabla ya lingine lolote.

OTRAG hawakuwa na mambo hayo mazuri. Mwanzilishi wao, Lutz Kayser, alitaka kufunga pamoja mabomba membamba, kila moja sentimita 27 kwa upana, na valvu zake zikizungushwa na mota za kufutia vioo vya gari. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa Kurt Debus, mkurugenzi wa kwanza wa Kennedy Space Center. Rais wetu wa wakati huo, Mobutu, aliwapa eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi. Rwanda na Burundi zingeingia humo na nafasi ingebaki. Wenyeji waliulizwa? Naweza kukisia jibu. Roketi ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilianguka Mobutu mwenyewe akitazama, na mwaka 1979 akawafukuza, baada ya majirani na Wasovieti kulalamika sana.

Kesho yake dereva wangu alisikiliza yote haya nikimsimulia njiani, kisha akauliza swali moja tu: “Mota za wiper, yaya? Za gari gani?”

Pweto ilitupokea kwa vumbi na joto, nikapumua. Hapo Luvua inatoka katika ziwa Mweru, pana na tulivu, kabla ya kuingia kwenye maporomoko. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinyoosha mkono kuelekea kaskazini-magharibi.

“Roketi sikuiona, binti yangu. Niliona ndege za mizigo. Kila mara ndege. Tulidhani wanajenga mji.”

Nilimuuliza dereva kama tunaweza kufika huko. Sokoni walibishana juu ya njia, kila mtu na yake, na wote wakakubaliana kwamba pikipiki yetu haifai. Dereva alikuwa tayari ameshaulizia petroli ya kurudi.