Kiti cha Taveta: Je, Tunatosha?

Ukipanda matatu mjini Taveta kuelekea Mboghoni, utapita katikati ya migomba hadi ujiulize kama kweli uko katika kaunti ile ile ya Voi, ambako jua kali na ndovu ndio wenyeji. Maji yetu yanatoka chini ya Mlima Kilimanjaro, na Mto Lumi huyateremsha mpaka Ziwa Jipe. Ndizi tunazipeleka sokoni Taveta kila Jumatano na Jumamosi. Wenzangu bwenini hunitania ati kwetu ni Tanzania. Wacha leo niwajibu kwa kalamu.

Mboghoni ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Taveta. Nyingine ni Chala, Mahoo, Bomani na Mata. Siasa za huku huwezi kuzielewa pasipo kuutaja mkonge. Yule Mwingereza Ewart Grogan, aliyesifika kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, alijenga kasri lake juu ya kilima karibu na mji katika miaka ya 1930, na mashamba yakaenea hadi macho yachoke. Wafanyakazi wakamiminika kutoka kila upande: Wakamba, Wapare, Waluo, na wengineo, juu ya Wataveta na Wataita waliokuwako. Babu yangu alikuwa mkata mkonge. Alijenga, akaoa, akazaa na kulea watoto sita juu ya ardhi asiyokuwa na hati yake. Ndiyo sababu mgombea yeyote akija Mboghoni, awe wa chama gani, neno la kwanza ni ardhi na la pili ni maji. Akianza na jambo jingine, wazee huanza kukohoa.

Babu huipenda sana hadithi ya mlolongo wa 1988. Wakati huo chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na katika mchujo watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, wakahesabiwa kama mbuzi wanaoingia zizini. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kungoja kura ya siri.

"Babu, hukuogopa?" nilimwuliza.

"Mjukuu wangu, msimamizi wetu wa kazi alikuwa kwenye mstari wa pili, ananitazama tu. Hebu niambie, ungekuwa wewe ungesimama wapi?"

Hajaniambia hadi leo alisimama wapi. Katika sehemu nyingi za nchi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na mchana kweupe!

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa, vyama vingi vikarudi. Mwaka wa 1992 Taveta ilimchagua Basil Criticos wa KANU, mkulima mkubwa wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki, ikamrudisha 1997. Kisha mwaka wa 2002 likatokea jambo ambalo nyanya yangu bado hulisimulia akicheka. Nchi nzima ilikuwa inaimba NARC, nasi huku tukampeleka bungeni daktari wa meno, Bi. Naomi Shaban, kwa tiketi ya KANU! Mwaka wa 2007 wimbi la ODM lilipovuma Pwani, yeye akashinda tena na KANU, akawa waziri katika serikali ya mseto ya 2008. Mwaka wa 2013 alipita na TNA, 2017 na Jubilee. Alikaa bungeni miaka 20, hadi 2022 kiti kilipochukuliwa na John Bwire wa Wiper.

Kuna wanaosema sisi ni watu wa kufuata serikali tu. Mimi sikubali. Mwaka wa 2002 KANU ilianguka, kwa hivyo kura yetu ilimpeleka mbunge upande wa upinzani. Nionavyo mimi, watu wa mpakani humtazama mtu kwanza na chama baadaye. Kutoka Voi hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 100, na kabla ya lami kuja safari hiyo ilikuwa vumbi tupu. Mawimbi ya siasa hufika kwetu yakiwa yamechoka.

Sasa nifike kwenye kiini. Katiba ya 2010 yasema maeneo bunge ni 290, na idadi ya watu katika kila eneo ikaribiane na wastani wa nchi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa 290 upate takriban 164,000. Sehemu zenye watu wachache huruhusiwa kupungua kwa asilimia 40, yaani hadi kama 98,400. Taveta ilikuwa na watu 91,222. Lahaula! Hata kwa huruma hiyo hatufiki. Kaunti nzima ilikuwa na watu 340,671, ambao kwa hesabu kavu ni wabunge wawili, ilhali tunao wanne. Mipaka ilipitiwa mara ya mwisho 2012, na muda wa kuipitia tena ukaisha Machi 2024, wakati tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Wapya waliapishwa Julai 2025. Hesabu hiyo bado inatungoja.

Kwangu hili si jambo la vitabuni tu. Karo yangu ya kidato cha pili ililipwa nusu na basari ya hazina ya maeneo bunge, ile iliyoanza 2003. Tukiunganishwa na Mwatate, ofisi itakuwa wapi? Nyanya atapanda matatu ngapi kupeleka fomu?

Tulilijadili jambo hili katika chama chetu cha Kiswahili. Mwenzangu mmoja kutoka Nairobi alisimama akasema, "Kwetu mtaani tumebanana kama dagaa. Kwa nini kura ya mtu wa Mboghoni iwe na uzito kuliko ya mama yangu?" Ukumbi ukanyamaza. Nilimjibu kwamba Katiba hiyo hiyo yataka pia jiografia, historia na njia za mawasiliano ziangaliwe, na kwamba zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo, ambako ndovu hawahesabiwi. Walicheka, lakini yeye hakucheka, na nakiri swali lake lina uzito.

Ulipofika wakati wa kuamua, mtu akapendekeza tupange mlolongo nyuma ya wasemaji. Mwalimu akakataa katakata. Tukararua karatasi za daftari, kila mtu akaandika chake, akakunja.

Nilishindwa kwa kura tatu.