Kindi wa Bibi na Saa za Minyoo

Ndugu msomaji, usicheke. Nataka kukuambia habari za kindi, za kichocho na za uandishi, na mwisho utaona kwamba ni habari moja.

Kindi unamjua. Ni yule mwenye mkia kama brashi, anayepanda mwembe mchana kweupe na kula embe bila kuomba ruhusa. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, ndiyo maana kutwa anaguguna. Usiku humwoni, kalala kwenye tundu la mti. Manyoya yake yana wapangaji: viroboto, kupe, utitiri. Wako watafiti ambao kazi yao ni kuchana manyoya ya wanyama wa namna hii juu ya beseni jeupe, halafu wanahesabu kilichodondoka. Mimi niliishia kidato cha nne na hakuna aliyeniambia kwamba kazi kama hiyo ipo.

Kijijini kwetu, ufukoni mwa ziwa nje kidogo ya Mwanza, kindi walijaa kwenye mwembe wa bibi mmoja jirani. Alikuwa anaishi peke yake, akipikia kinyesi cha ng'ombe kikavu, na moshi ulimfanya macho kuwa mekundu. Huku Usukumani hilo si jambo dogo. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho kama yale.

Basi mdogo wangu akaanza kuvimba tumbo. Alikuwa darasa la tano. Akakonda mikono, tumbo likawa mbele kama ngoma. Shangazi akasema, "Wale kindi si wa bure. Anawatuma." Maneno yakazunguka mwaloni mpaka visimani. Usiku mmoja vijana wakarusha mawe juu ya bati la bibi.

Mama hakubishana na mtu. Alfajiri alimpandisha mtoto daladala, mimi nikawasindikiza mpaka mjini. Mtaalamu wa maabara alichukua choo cha mdogo wangu, akakichuja, akakijaza kwenye kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7, akakibandika kwenye kioo. Akawa anahesabu mayai kwa sauti ya chini. Alichopata akakizidisha kwa 24, apate mayai yaliyomo katika gramu moja. Akanikaribisha kwenye hadubini. "Ona hilo. Lina mwiba ubavuni. Ni kichocho cha tumbo."

Tangu siku hiyo nikawa nasoma kila karatasi niliyoipata. Mwaka 1851, daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliikuta minyoo ya kichocho ndani ya maiti huko Cairo. Hapa Mwanza kuna kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho kimeichunguza minyoo hiyo kwa miaka mingi. Nikajifunza kwamba dume ana mfereji mwilini, na jike huishi humo ndani, wamekumbatiana miaka na miaka kwenye mishipa ya damu ya mtu. Mayai yanayokwama kwenye ini ndiyo yanayoharibu. Yanayotoka na choo yakifika majini yanaanguliwa, na viluwiluwi vinamtafuta konokono. Vikikua humo vinatoka na kutoboa ngozi ya mtu aliyeingia ziwani.

Lakini kilichoninyima usingizi ni saa. Panya nao wana kichocho chao, kinachotumia konokono wa jamii ile ile. Vijidudu vya panya hutoka kwenye konokono giza likiingia, kwa sababu panya hutembea usiku. Vya binadamu hutoka mchana, jua likiwa kali. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kwamba magharibi mwa Kenya aina hizo mbili zimezaliana zikatoa machotara. Na kindi, je? Kindi ni ndugu wa panya, lakini makazi yake ni juu ya mti. Haendi kuoga ziwani. Kwa kesi ile hakuwa na hatia.

Tuliporudi, balozi wa nyumba kumi aliita watu. Nikatumwa nisome cheti cha maabara. Wengine walitikisa vichwa. Shangazi akaniuliza, "Sawa, mwanangu. Na huo mdudu, nani alimtuma kwa mtoto wetu? Mbona si kwa wengine?"

Swali lile si la kijinga. Ndilo swali la kila riwaya. Nikamjibu kwa heshima: "Shangazi, mdudu anatoka saa sita mchana. Nani huwatuma watoto ziwani saa sita, kuchota maji na kufua? Na wengine hawajapimwa bado." Kimya kikatanda. Sote tulikuwa tunawatuma. Na choo tulichokuwa nacho ni vichaka vya ufukoni.

Watoto wengine walipimwa, na wengi walikutwa nacho. Walipewa prazikwanteli, mdogo wangu akapona. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, haizuii mipya. Ukirudi majini unaweza kuupata tena. Kwa hiyo tulichimba vyoo, vichache. Mawe yalikoma. Ila hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba bibi radhi, na bati lake linavuja mpaka leo.

Sasa nakuja kwako, mwandishi mwenzangu. Hadithi zetu zimejaa vikongwe wachawi. Ni rahisi, na msomaji anaogopa haraka. Lakini yule mtaalamu alikaa na choo cha mtoto wa maskini, akahesabu yai moja moja, na hesabu yake ikaokoa watu wawili. Kalamu yangu bado haijaokoa mtu. Kwa hiyo naandika riwaya yangu polepole, na nimejiwekea sharti moja: kabla sijampa mhusika macho mekundu, kwanza niulize anapikia nini.