Bunia: Disiki inakufa, na ndani yake kuna vyeti vya wahami

Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, familia nyingi zilizokimbia mauaji ya Djugu tangu Desemba 2017 zilifika mikono mitupu. Nyumba iliungua pamoja na kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa na diploma. Kwa wengine kilichobakia ni skani moja ndani ya kompyuta ya sekretaria, pale walipopiga fotokopi siku moja.

Ndiyo sababu kijana mmoja wa sekretaria kama hiyo alikosa usingizi mashine yake ilipoanza kulia: tik, tik, kisha kimya. Kufungua faili moja tu kulichukua dakika nzima. Disiki yake imegawanywa sehemu mbili: C inabeba Windows, D inabeba kazi ya watu. Windows inaweza kuwekwa upya siku hiyo hiyo. Vitu vya D haviuzwi sokoni.

Mama mmoja kutoka kambi ya Kigonze, aliyekuja kutafuta skani ya cheti cha mwanawe, aliuliza: “Mtoto yangu, kama hiyo mashine inakufa, sisi tutaonyesha nini?”

“Mama, unipe siku mbili,” kijana alijibu.

Swali hilo si dogo. Kwa sheria ya Kongo, mtoto huandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, mzazi hupitia mahakamani, na safari hiyo ina gharama kwa mtu anayelala chini ya hema.

Jambo la kwanza alilofanya kijana ni kuzima mashine. Disiki inayokufa haifunguliwi kila saa ili kuona kama bado inapumua. Hakuiendesha programu ya kurekebisha ya Windows pia, maana hiyo huandika juu ya disiki iliyo mgonjwa tayari.

Alipata disiki mpya, kubwa kuliko ya zamani, akaziunganisha zote mbili na kompyuta ya mkononi yenye betri, kwa sababu umeme wa Bunia hauagi unapoondoka. Akaiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi. Kwenye disiki mpya alitenga sehemu isiyopungua ukubwa wa D, kisha akatumia programu ya bure inayoitwa ddrescue. Hiyo huchukua kwanza yanayosomeka, halafu hurudi kwa yale yaliyokataa. Tena huandika kwenye faili ndogo mahali ilipofikia, hivi kwamba kazi ikikatika huendelea pale pale.

Hatari kubwa iko kwenye kuchanganya disiki ya kutoka na ya kwenda. Ukizigeuza, utupu unafunika vyeti vya watu. Alisoma namba ya kiwanda ya kila disiki kwa sauti, na mwenzake akaithibitisha kabla ya kubonyeza.

Sehemu ya GB 300, kwa mwendo wa MB 30 kila sekunde, huchukua karibu saa tatu. Disiki mgonjwa huchukua zaidi, hii ilikesha. Asubuhi aliipa sehemu mpya herufi ile ile, D, ili programu zikute faili mahali pa zamani, akaanza kufungua moja baada ya nyingine. Cheti cha mtoto wa yule mama kilifunguka. Faili chache hazikufunguka, na wenyewe walipaswa kuambiwa ukweli.

Disiki ya zamani haikufutwa siku hiyo wala haikuuzwa. Ina majina na picha za watu waliokimbia, na orodha kama hizo zikifika kwa watu wabaya zinaweza kuua. Nakala ya pili ilipelekwa mtaa mwingine, kwani nakala mbili ndani ya chumba kimoja huungua pamoja.

Skani haichukui nafasi ya cheti. Lakini juu yake kuna jina la ofisi, tarehe, namba ya kitabu na ukurasa. Familia yenye hayo ina pa kuanzia mbele ya karani wa hali ya raia. Aliye na karatasi leo aipige picha, aandike namba hizo kwenye daftari, na nakala nyingine ampe ndugu anayekaa mbali naye.