Mteja Wetu wa Dhaka

Sisi mashabiki wa kriketi wa Nairobi, watu wachache wenye kelele nyingi, tulikuwa na mteja wetu. Shabiki yeyote anaijua timu ya namna hiyo: ukiona jina lake kwenye ratiba unahesabu ushindi kabla sarafu haijarushwa. Mteja wetu alikuwa Bangladesh.

Biashara ilianza 1994, mashindano ya ICC Trophy yalipoletwa kwetu. Tuliwashinda kwa mikimbio 13, sisi tukaenda Kombe la Dunia la 1996, wao wakabaki kwao. Yaliyotokea Pune mwaka huo, West Indies ya Brian Lara kuondolewa yote kwa mikimbio 93 mbele ya vijana wetu, kila Mkenya aliyewahi kusikia neno kriketi anayajua. Tulivimba vichwa. Ilikuwa haki yetu kuvimba.

Mwaka uliofuata wateja walichelewa kulipa. Katika fainali ya ICC Trophy, Kuala Lumpur, Steve Tikolo alipiga 147 peke yake, kisha mvua ikaingilia na hesabu zikapigwa upya: Bangladesh watafute 166 kwa ova 25. Wakazipata kwenye mpira wa mwisho kabisa. Klabuni tulikubaliana kwamba iliyoshinda ni mvua. Na Oktoba ya mwaka huohuo walipokuja uwanja wetu wa Gymkhana tuliwaonyesha kiangazi: Dipak Chudasama 122, Kennedy Otieno 144, mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka, jumla 347 kwa wiketi tatu. Nilikuwepo. Kufikia saa za alasiri wadakaji wao walikuwa wakitembea kuufuata mpira mpakani, hawakimbii tena.

Nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Ngara, ambaye tangu ujana wake hakukosa mechi pale. Yeye hakushangilia sana.

"Kijana," akaniambia, "hawa ni zaidi ya milioni mia. Wakijifunza kushika bati, sisi tutaenda wapi?"

"Mzee, kwanza wajifunze kushika mpira."

Akacheka kwa adabu, akaendelea kuandika mikimbio kwenye daftari lake.

Mei 1998 India ilitualika sisi na wao kwenye mechi za pembetatu, zile safari fupi ambazo enzi hizo zilitujia bila kuzitafuta sana. Kule Hyderabad Bangladesh wakatushinda. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza kabisa katika mechi za kimataifa za siku moja, na mtu aliyetuumiza ni Mohammad Rafique, mrushaji wa mipira ya polepole aliyepelekwa kufungua dimba kwa bati akapiga 77. Tukasema wamebahatisha. Kabla mwezi haujaisha tuliiangusha India yenyewe huko Gwalior, na Hyderabad ikasahauliwa. Mwaka 1999 tukawafuata mpaka Dhaka tukawapiga mara mbili mbele ya watu wao.

Juni 2000 wao wakapewa hadhi ya kucheza mechi za Test. Sisi hatukupewa. Tulilalamika kwamba hapo pamepimwa wingi wa watu na televisheni, wala si kriketi, na bado naamini tulikuwa na hoja. Lakini upande wa pili wa hoja hatukupenda kuutazama. Kriketi yetu yote ilikuwa imebebwa na klabu chache za Nairobi na Mombasa, na familia chache: akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, ndugu wa nyumba ya Obuya. Kidole cha mtu mmoja kikiuma, timu nzima inachechemea.

Nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003 ikatuziba masikio zaidi. Njiani tuliwashinda Bangladesh pale Johannesburg, Maurice Odumbe akifanya kazi kwa bati na kwa mpira. Wao walirudi kwao bila kushinda hata mechi moja. Nani angetuambia kitu?

Kisha zikaja kiu na ukame. Mwaka 2004 Kenya ilicheza mechi mbili tu za kimataifa za siku moja. Mwaka 2005, hata moja. Wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo, Odumbe akafungiwa miaka mitano, chama cha zamani kikazama kwenye mivutano mpaka Cricket Kenya ilipochukua usukani. Muda wote huo Bangladesh walikuwa wakicheza na kupigwa, wakicheza na kupigwa, wakubwa wote wakiwapitia. Juni 2005, Cardiff, wakaifunga Australia. Sisi tulikuwa mezani tukibishana nani aweke sahihi kwenye hundi.

Kwa hiyo Tikolo alipoongoza timu kwenda Bangladesh Machi 2006, mechi nne, mimi nilikwenda saiba ya mjini na imani ya zamani. Tulikuwa tumetoka kugawana sare ya mbili kwa mbili na Zimbabwe, kwao. Saiba ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Kule Bogra, kwenye mechi ya kwanza, ilikuwa saa tano, mchezo umeshakomaa. Shilingi moja kwa dakika, na ukurasa ulifunguka kwa kujivuta. Kila ulipofunguka Bangladesh walikuwa wameongeza. Wakapita 300, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya katika mechi ya siku moja dhidi ya timu yoyote. Nililipa nikatoka kabla ya zamu yetu kwisha.

Mbili za katikati tulizipoteza kwa mikimbio michache, na hizo ndizo zilizoniuma, kwa sababu zamani mechi za namna ile tulikuwa tunazishinda sisi. Sasa wao walijua la kufanya katika ova tano za mwisho, wetu walionekana kuulizana. Kule Fatullah wiketi tano zilichukuliwa na Rafique yuleyule wa Hyderabad. Nne kwa sufuri.

Agosti wakaja Gymkhana wakachukua tatu nyingine. Katika mechi ya mwisho Hitesh Modi alipigwa na mpira mguuni mbele ya wiketi, na mwamuzi aliyeinua kidole kumtoa ni Subhash Modi, baba yake mzazi. Tulilicheka sana hilo, maana vya kucheka vingine siku ile havikuwepo.

Kabla ya Machi 2006 hesabu kati yetu katika mechi za kimataifa za siku moja ilikuwa sita kwa moja. Kufikia Agosti ilikuwa sita kwa nane. Hatukukutana nao tena katika mechi za siku moja, na 2014, baada ya mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia huko New Zealand, Kenya ikapoteza hata hadhi ya kuzicheza.

Mpwa wangu ni shabiki wa Shakib Al Hasan. Nilipomsimulia kwamba zamani hawa walikuwa wateja wetu, alinyamaza kwa heshima, kisha akaingia kwenye simu kutafuta. Akaikuta ile 347.

"Mjomba," akauliza, "hapa hawajakosea bendera?"