Ng'ambo ya Karibu

Tanga tukisema fulani kaenda ng'ambo, mawazo hukimbilia uwanja wa ndege: Dubai, Muscat, London. Aliyepanda basi asubuhi pale stendi ya Kange akavuka mpaka wa Horohoro hahesabiwi. Mimi namhesabu. Tena nasema kijana wa Tanga, wa Dar es Salaam au wa Unguja anayetaka kuiona nchi ya watu kwa mara ya kwanza, peke yake, bila shangazi wa kumpokea, hana pa kuanzia pazuri kuliko pwani ya kusini ya Kenya, kaunti ya Kwale, kuanzia Lunga Lunga hadi Diani. Nimeipita njia hiyo peke yangu, mwanamke na mkoba wake, na nimerudi nikiwa na hamu ya kuwasukuma wengine waende.

Mpaka wenyewe ni wa kuchorwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa Mto Umba, ukate bara hadi Ziwa Jipe, uizunguke Kilimanjaro na kwenda kuishia Ziwa Victoria. Wadigo waliokuwa wakioana na kuzikana wakajikuta hawa kwa Mjerumani, wale kwa Mwingereza. Wavumba nao ni hivyo hivyo: wako Vanga, wako Wasini, wako na upande wetu, kuelekea Jasini. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini imepita na ndugu bado wanavuka kwenda arusini na matangani. Mgeni anayetokea Tanga anaingia katika njia iliyokwisha kukanyagwa na jamaa wa watu, na wenyeji wanalijua hilo.

Pale mpakani mambo ni mepesi kuliko tunavyotishwa. Ofisi za nchi mbili zinafanya kazi pamoja, kutoka na kuingia unakumaliza mahali pamoja. Chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wala usimkabidhi mtu asiyekaa dirishani. Vijana wa kubadilisha fedha watakuzunguka. Jua bei ya siku hiyo kabla hujashuka, maana shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu, na hesabu noti zako taratibu bila kuharakishwa. Ofisa aliyenigongea muhuri aliniuliza nasafiri na nani. Peke yangu, nikamwambia. Akanitazama, akanirudishia pasipoti. “Karibu Kenya, dadangu. Ukifika Ukunda usipande bodaboda ya kwanza. Uliza bei kwa watatu.” Ushauri huo ulinifaa safari nzima.

Kutoka Lunga Lunga matatu hupita kwenye miwa ya Ramisi, minazi, mikorosho na miembe mikubwa, na kila kituo kina mtu anayeuza kitu dirishani. Wengi hukaa ndani ya gari hadi Ukunda, mji wa kushukia Diani. Mimi nawaomba washuke Msambweni.

Msambweni haina hoteli za kifahari za kuringia. Ina hospitali kubwa ya kaunti, soko, misikiti na ufuo mpana ambao asubuhi ni wa wavuvi tu. Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja mpika mahamri, nikaagiza na mbaazi za nazi, nikala nimeinamia simu kama wafanyavyo watu waliokaa wenyewe. Mama alikuwa akigeuza mahamri kwa kijiti kirefu, moja moja, na kila moja lilivimba kwenye mafuta kabla hajaligusa mara ya pili. Akaniona. “Mwanangu, mbona wajitenga? Sogea huku.” Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba. Akaniuliza natoka wapi. Tanga. “Tanga ipi? Ya mjini au ya Moa?” Maana Moa alikuwa na dada yake, ameolewa huko tangu usichana wake. Kufika chai ya pili nilikwisha kupewa ujumbe wa mdomo wa kumpelekea dada huyo, na wateja wawili walikuwa wanabishana ni matatu gani inifikishe Gazi kwa bei ya haki.

Hapo ndipo nilipoelewa hasa kwa nini Kwale inafaa kwa safari ya kwanza. Kusafiri peke yako kunakulazimisha kuuliza: njia, bei, chakula, usalama, kila kitu. Katika nchi usiyojua lugha yake, kila swali ni mlima, na mtu hunyamaza hata akapotea. Huku unauliza kwa lugha uliyonyonya, unajibiwa kwa hiyo hiyo, na jibu linakuja na salamu, na habari za nyumbani, na mara nyingi na kiti. Unajifunza ujasiri wa msafiri bila kubeba mzigo wa ububu. Ujasiri huo ukishaupata utakwenda nao hata Istanbul.

Gazi ni kijiji kidogo chenye historia nzito. Ndiko alikokuwa na makao yake Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na mwaka uliofuata akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Siku hizi watu huja kwa ajili ya mikoko. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja: wanaulinda msitu na kupanda miche, hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo inauzwa kwa wanunuzi wa nje, na fedha inarudi kwenye maji na shule. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kwa upande wa mikoko. Wanawake wa hapo wamejenga daraja la mbao linalopinda ndani ya msitu; unatembea juu ya tope, kaa wanajificha chini yako, na mwenyeji wako anakuonesha upi mkandaa na upi mchu. Natamani madiwani wetu wa wilaya ya Mkinga, huku Tanga, waje walione.

Kusini kidogo ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huingii bila mwenyeji. Mzee alinipa kaniki nyeusi nijifunge kiunoni, akalikaza fundo mwenyewe, akanitazama kwanza kabla ya kutangulia. Masharti ni machache na hayana mjadala: usichukue jani, ukuti wala jiwe, na usipige kelele. Ndani jua linapungua ghafla, miti ina mizizi mirefu kupita kimo cha mtu, na mzee anaeleza mti huu wa homa, huu wa tumbo, huu wa kuombea. Alinitaka nikumbatie mti mmoja mkubwa, mikono haikufika hata nusu. Bahari iko jirani kabisa, na husikii wimbi.

Diani kwenyewe wameshaisifu wengi, na mchanga wake ni mweupe kweli. Ninachopenda zaidi kiko barabarani: ngazi za kamba zilizofungwa juu ya lami ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, kazi ya shirika la Colobus Conservation lililoanza mwaka 1997. Keti kivulini usubiri, utawaona wakipita mmoja mmoja na watoto kifuani. Nenda pia Msikiti wa Kongo, kwenye mdomo wa Mto Mwachema, wa mawe ya matumbawe, umezungukwa na mibuyu na bado unaswaliwa. Kwa mwanamke aliye peke yake nasema wazi: ufuoni usiku usitembee, na vijana wanaouza vinyago na safari za mashua wasalimu, ukatae mara moja, uendelee na njia yako.

Kisiwa cha Wasini nimekiweka mwisho ingawa njiani hutangulia. Unachepuka kutoka barabara kuu hadi Shimoni, unaingia kwanza mapango ambamo inatajwa waliwekwa watumwa wakisubiri majahazi, na ukitoka humo utahitaji muda wa kukaa kimya. Kisha panda mashua. Kisiwani hakuna gari hata moja. Wanawake wana daraja lao la mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, kiingilio ni chao na hutumika kijijini. Ng'ambo ya kisiwa ni hifadhi ya Kisite-Mpunguti, yenye pomboo na samaki wa rangi zote. Nenda kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na maji yakiwa safi. Aprili na Mei ni masika. Anayewataka nyangumi aende Julai hadi Septemba, ajue kusi itamrusha mashuani, na aondoke Shimoni alfajiri kabla upepo haujashika.